Mwambie kabla hajafika Mbagala

Mkuu, kwa hiyo miezi saba dada wa watu anajua unakaa Mikocheni na ile Harrier ni yako, kumbe umepanga chumba Mbagala na gari ni la bosi, sasa anataka kuja kukutembelea ndo unauliza ufanyeje? Mwambie wiki hii, uso kwa uso, sio kwa meseji. Mi nilijifanya nafanya kazi bandarini wakati nauza mitumba Karume, siku mpenzi wangu akanikuta na belo begani jasho linanitoka, wala hakukasirikia mitumba, kilichomuuma ni zile simu zake nilizokuwa nakata kila mchana. Akiuliza jibu alichouliza, usianze kupamba tena. Na funguo za gari la watu rudisha leo.