Usimwandikishe binti mtihani wowote wa CLEP kabla chuo hakijakujibu kwa maandishi

Dada, usilipie kitu bado. Umesema binti yako wa miaka 16 anasomea nyumbani hapo Portland, Maine, mmeshasikia habari za vocha za Modern States zinazolipia ada ya mtihani, na mnataka afanye mitihani ya CLEP (ile ambayo ukifaulu chuo kinaweza kukupa krediti, yaani kukuhesabia kozi bila kukaa darasani) mingi iwezekanavyo, "chuo tutachagua baadaye". Umeuliza pia kitabu kizuri cha hesabu, kama mtihani unaweza kufanyiwa nyumbani, na kama Kifaransa alichokuja nacho kutoka Bukavu kitamfaa. Nimefika kwenye "chuo tutachagua baadaye" damu ikanichemka, maana ndiyo maneno tuliyouziwa sisi.

Na tuliuziwa kwa hela. Kuna mshauri wa familia zinazosomesha watoto nyumbani, anatoza ada. Alituambia krediti ni krediti, mtoto akishapata 50 hakuna chuo cha kumkatalia. Kijana wangu akasoma majira yote ya baridi, akafaulu, tena vizuri. Akaomba uuguzi, akapokelewa, ndipo msajili wa chuo akatutumia tathmini ya krediti. Biolojia imeingizwa kama somo la hiari tu, kwa sababu CLEP haina maabara na uuguzi unadai maabara. Kiingereza kimekataliwa kabisa! Mshauri alimwandikisha College Composition Modular, ambao kwa kawaida ni wa kuchagua majibu, wakati chuo kinataka College Composition yenyewe, ile yenye insha mbili zinazosahihishwa. Neno moja tu mwishoni mwa jina, na kwetu likawa ada ya kozi nzima. Akarudia darasani kitu alichokwisha kukifaulu, na kozi zilizokuwa zinaisubiri hiyo zote zikasogea mbele.

Nilipompigia simu huyo mshauri akanijibu kwamba vyuo hubadilisha masharti. Hakuna kilichobadilika. Masharti yalikuwa wazi kwenye tovuti ya chuo kabla kijana hajagusa kalamu. Mtu yule angekuwa daktari wa upasuaji, angekata kwanza ndipo aulize unaumwa wapi. Na hadi leo anachukua hela za wazazi wageni wasiojua mfumo wa huku, jambo linaloniuma kuliko hela zangu.

Hiyo 50 anayoitangaza, kwenye mizani ya 20 hadi 80, ni pendekezo la ACE, Baraza la Elimu la Marekani. College Board wanatunga mtihani, ACE wanapendekeza, mwenye kutoa krediti ni chuo. Kimoja kitakubali 50, kingine kitataka alama za juu zaidi, kingine hakitaki CLEP kabisa ila kinapokea AP, mitihani mingine ya College Board. Wengine wana kikomo cha krediti za mitihani, ukizidisha zinabaki karatasi. Ndani ya chuo kimoja hata idara hazifanani.

Kwenye Kifaransa ana bahati. Mtihani wenyewe ni wa kusikiliza na kusoma, hakuna kuongea wala kuandika insha, na ACE wanapendekeza 50 kwa ngazi ya kwanza na 59 kwa ya pili. (Kiswahili hakimo, lugha za CLEP ni Kifaransa, Kijerumani na Kihispania.) Lakini hata hapo uliza, kwa sababu kuna vyuo visivyompa krediti ya lugha mtu aliyekua akiizungumza.

Kaeni naye, chagueni vyuo vitatu vinne na fani anayoitaka, halafu iandikie ofisi ya msajili ya kila chuo. Taja jina kamili la mtihani kama lilivyo kwenye tovuti ya College Board, taja shahada, kisha uliza: akipata alama hii, mtihani huu utasimama badala ya kozi gani, namba ngapi? Usiulize kwa simu, mtu wa simu hutampata tena. Wakijibu tu "ndiyo, tunapokea CLEP", andika tena mpaka wataje namba ya kozi.