Data "zimethibitisha", "zimeonyesha" au "zinaashiria"? Vitenzi vya kuripoti matokeo

Msomaji mmoja wa Kimara anayesoma masta ya Kiswahili kauliza hivi: "Shikamoo mwalimu. Naandika tasnifu kuhusu lugha ya makondakta wa daladala pale stendi ya Makumbusho. Supavaiza karudisha sura ya nne, kila penye 'thibitisha' kazungushia wino mwekundu alafu pembeni kaandika 'umethibitisha vipi?' Nikazibadilisha zote nikaweka 'onyesha', sasa peji nzima ni onyesha onyesha mpaka mwenyewe nachoka kuisoma. Na ikisiri, ule muhtasari wa mwanzoni, natakiwa niiandike na kwa Kiingereza, huko ndo sielewi kabisa niweke show, suggest au prove. Nisaidie."

Marahaba mdogo wangu. Supavaiza wako yuko sahihi, usimnunie. Thibitisha inatokana na thibiti, yani kitu kuwa imara, kukaa pasipo kutikisika, kwahiyo ukisema data zimethibitisha jambo umemwambia msomaji kwamba hata mwingine akija kesho na data zake hilo jambo halisogei. Sasa we umekaa na makondakta wa stendi moja, alafu unaandika "data zimethibitisha kuwa makondakta wa Dar es Salaam hawazingatii Kiswahili sanifu". Wa Mbagala je? Wa Tegeta? Na hao hao wa Makumbusho wakienda kwenye kikao cha chama chao au wakipiga simu kwa mkwe, bado wanaongea vile vile? Hujawafuata huko, hujui.

Ila na dawa uliyotumia haijatibu. Umetoa thibitisha ukaweka onyesha lakini dai lenyewe umeliacha na ukubwa wake ule ule, bado ni makondakta wote wa Dar. Kitenzi na dai vinaenda pamoja, ukipunguza kimoja punguza na kingine. "Data zinaonyesha kuwa makondakta waliohojiwa Makumbusho hutumia zaidi maneno ya mtaani wanapoita abiria" hiyo hata supavaiza mkali vipi hana pa kuzungushia wino.

Ngoja nikupe mfano wa namba ambazo kila mtu anaweza kuzikagua. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 mkoa wa Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Hapo unaandika bila wasiwasi "takwimu zinaonyesha kuwa idadi ya watu imeongezeka", maana ni kutoa tu, ni zaidi ya watu milioni moja. Sasa mtu anakuja na "takwimu zimethibitisha kuwa Watanzania wanazidi kukimbilia Dar". Hapo pana tatizo, kwasababu katika miaka hiyo hiyo nchi nzima ilitoka 44,928,923 ikafika 61,741,120, ukipiga hesabu Dar ilikua na karibu asilimia 9.7 ya Watanzania wote mwaka 2012 na 2022 ikawa na asilimia 8.7 hivi. Fungu lake limepungua! Kwahiyo namba zile zile zilizo"thibitisha" ukizigeuza upande wa pili zinakukana. Na hata huko kupungua usikimbilie kusema zinathibitisha kwamba watu wameacha kuja, inawezekana wanakuja ila wanashukia Kibaha na Mkuranga ambako sio mkoa wa Dar, hapo unasema "zinaashiria" au "huenda", alafu unaenda kutafuta ushahidi mwingine.

Kwahiyo mi naigawa hivi. Onyesha ni kwa kile ambacho mtu akiangalia jedwali lako anakiona na yeye. Ashiria na dokeza ni kwa kile unachokisoma wewe kutoka kwenye jedwali, tafsiri yako, ambayo mwenzako anaweza akaikataa na asiwe mjinga. Ashiria nzito kidogo kuliko dokeza. Dhihirisha ipo karibu na thibitisha, itumie pale ambapo vyanzo viwili vitatu tofauti vimekubaliana, mfano uliyoyasikia kwa masikio yako stendi na waliyojibu kwenye dodoso yamelingana.

Alafu kuna kitu kimoja kinaniudhi kwenye tasnifu za siku hizi, "matokeo yanapendekeza kuwa". Matokeo hayapendekezi chochote jamani! Anayependekeza ni mtu, tena anapendekeza jambo lifanyike, ndo maana sura ya mwisho ina mapendekezo. Hiyo ni suggest ya Kiingereza imevalishwa kanzu, na Mswahili akiisoma anasubiri kuambiwa serikali ifanye nini. Matokeo yanadokeza, yanaashiria, basi.

Sasa kwenye sura ya pili, ile ya kupitia kazi za wengine, ndo watu wanaharibu zaidi kwa kuogopa kurudia neno. Mtu ana orodha yake kaibandika ukutani, anasema, anadai, anakiri, anahoji, anabainisha, anachukua moja moja kwa zamu kama anagawa karanga. Haya maneno hayalingani hata kidogo. Ukiandika mtafiti fulani anabainisha kuwa vijana wanachanganya lugha, umekubaliana nae, maana huwezi kubainisha kitu cha uongo. Ukiandika anadai umejitoa, umemwachia mzigo wake, na msomaji anasubiri sasa hivi umpinge (si unaona magazeti yanavyoandika mtuhumiwa "anadaiwa kuiba", mwandishi hataki kesi). Ukiandika anakiri umemfanya kama alibanwa akasema asichotaka, itumie pale tu ambapo kweli mtaalamu anakubali udhaifu wa hoja yake. Kufafanua lazima kuwe na jambo lilishatajwa. Kusisitiza lazima awe kalirudia au kalitilia mkazo mwenyewe, sio kwasababu wewe umelipenda.

Na anahoji kuwa. Najua wasomi wengi wanaiandika wakimaanisha mtu katoa hoja, lakini mtaani na redioni kuhoji ni kuuliza maswali, ni kutilia shaka. Sasa "fulani anahoji kuwa sheng imeingia Dar" anasema imeingia au anashangaa nani kasema imeingia? Andika "anatoa hoja kwamba" au "anajenga hoja kwamba", imekua ndefu kidogo lakini hakuna atakayeisoma kinyume.

Gundua nayo iogope. Ni kukuta kitu ambacho hakikujulikana, na swali linakuja hapo hapo, hakikujulikana na nani? Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro mwaka 1848 akaripoti Ulaya, ikaandikwa kwamba kaugundua mlima, wakati Wachaga wapo pale pale chini wanalima migomba yao. Sasa na wewe ukiandika "utafiti umegundua kuwa makondakta wana lugha yao", abiria wote wa Gongo la Mboto watacheka. Andika umebaini. Na baini sio bainisha, unabaini kwanza, yani jambo linakuwa wazi kwako, alafu ndo unalibainisha kwa wengine. Ukitaka kujitoa kabisa kwenye sentensi kuna ilibainika, ila usiiweke kila mstari, msomaji anaanza kujiuliza nani alibaini.

Kitu kingine ambacho hukuuliza lakini najua utajikwaa nacho, ukanushaji. "Utafiti haukuonyesha uhusiano kati ya umri na matumizi ya misimu" (yani maneno ya mtaani) maana yake umetafuta hujaona, labda upo ila sampuli yako ndogo. "Utafiti umeonyesha kuwa hakuna uhusiano" maana yake unasema haupo. Watu wanaziandika kama ni kitu kimoja, ha- imehamia upande mwingine tu, kumbe ya pili inahitaji ushahidi mzito kuliko ya kwanza. Wewe kwa idadi uliyonayo kaa na ya kwanza.

Na sema haina dhambi. "Wahojiwa wengi walisema" ni sentensi safi kabisa, walisema kweli, wewe ulikuwepo. Sio lazima walidokeza, walibainisha, walifichua.

Haya, ikisiri ya Kiingereza. Prove ifute, wenzetu nje ya hisabati na mantiki wanaikwepa kwa sababu zile zile za supavaiza wako. Show na indicate ni kwa kinachoonekana kwenye data, indicate ikiwa laini kidogo, suggest ni kwa tafsiri yako, na demonstrate iwekee akiba mpaka ushahidi ushibe. Claim inamtenga msemaji kama dai yetu, wakati argue sio kugombana, ni kujenga hoja tu, hata mtu mpole anaargue. Revealed tumeipenda mno huku kwetu, kila utafiti "the study revealed", wakati ni neno la kufunua kilichokua kimefichwa, weka found inatosha. Nyakati pia, ulichokifanya na ulichokipata kinakaa wakati uliopita, the study found, ila unapoeleza maana yake unarudi wakati uliopo, the findings suggest. Na tukizungumzia jambo tunasema discuss peke yake, ile discuss about ni "kujadili kuhusu" yetu imevuka mpaka.

Onyesha au onesha? Utazikuta zote mbili zimechapishwa, chagua moja uende nayo mpaka ukurasa wa mwisho, alafu fanya kusachi kwenye kompyuta kabla hujamrudishia maana najua hapo katikati umechanganya.