Mwenzetu kaambiwa, sisi hatukuambiwa

SWALI: Tumeomba zabuni ya usafi wa ofisi ya umma hapa Dar. Mshindani wetu kaelezwa kwa simu kuwa eneo la sakafu limepunguzwa. Ni halali? – Msomaji, Buguruni

JIBU: Hapana. Ufafanuzi hutolewa kwa maandishi kwa wazabuni wote, bila kumtaja aliyeuliza. Ulizeni kupitia NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, kabla dirisha la maswali halijafungwa. Simu haiachi ushahidi. Vipimo vikibadilika, nyaraka zirekebishwe, na muda uongezwe ikibidi kupanga bei upya. Taasisi ikinyamaza, lalamikeni kwa afisa masuuli (mkuu wa taasisi hiyo), kisha PPAA, mamlaka ya rufaa za zabuni za umma. Msingoje matokeo: siku za kulalamika huhesabiwa tangu mlipojua tatizo.