Swali la lugha: "Wanawake wa faraja", fidia na pole

Msomaji anauliza: "Natafsiri makala kuhusu wanawake wa Korea waliotumikishwa na jeshi la Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Niandike 'wanawake wa faraja'? Na pesa walizotengewa baadaye, je, ni fidia?"

Tuanze na faraja. Kwa Kiswahili, faraja hutolewa kwa hiari na mtu mwenye huruma, na anayeipokea ni aliyefikwa na jambo zito. Jirani humfariji mfiwa. Sasa tazama neno la Kijapani lenyewe, ianfu: ian ni faraja, fu ni mwanamke. Jina hili linataja anachopata askari na kukaa kimya kuhusu anachofanyiwa mwanamke. Ukilileta neno kwa neno, Kiswahili chako kitamfanya aliyefungiwa katika vituo vya jeshi na kubakwa aonekane mfariji, na aliyembaka aonekane mtu mwenye msiba.

Hata hivyo usilifute kabisa, maana msomaji atakutana nalo kwingine. Litaje mara moja, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na aliyelitumia: "wanawake ambao jeshi la Japani liliwaita 'wanawake wa faraja'". Kuanzia hapo andika "wanawake waliofanywa watumwa wa ngono". Radhika Coomaraswamy, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, katika ripoti yake ya mwaka 1996, alisema "watumwa wa ngono wa kijeshi" ndiyo istilahi iliyo sahihi zaidi. Nakubaliana naye, na kwa Kiswahili kitenzi "waliofanywa" kinaongeza jambo: utumwa haukuwa hali yao, ni tendo walilotendewa. Na aliyetenda atajwe. "Wanawake walibakwa vituoni" ni sentensi isiyo na mkosaji. "Walibakwa na askari vituoni" inaye. Kiungo "na" baada ya kauli ya kutendwa ni kidogo, lakini ndicho kinachobeba lawama, na ndicho wahariri hukikata kwanza wanapotafuta nafasi.

Vituo hivyo usiviite madanguro. Danguro ni mahali pa biashara, na mwenye kukaa humo husemwa kuwa anajiuza. Andika "vituo vya jeshi". Vivyo hivyo usibadilishane "utumwa wa ngono" na "ukahaba wa kulazimishwa" ili tu kukwepa kurudia neno: Mkataba wa Roma wa 1998, ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, unayataja kama makosa mawili tofauti. Na si "utumwa wa kijinsia", ingawa redioni utalisikia sana. Jinsia ni uke na uume wa mtu, tendo ni ngono. Kuhusu "kunajisiwa", magazeti ya Kenya hulitumia kwa kosa dhidi ya mtoto, lakini kwa maana yake ya msingi linamwachia aliyetendewa unajisi. "Kubakwa" linauacha uovu kwa mbakaji.

Fidia ndipo kosa la neno moja linapoweza kupotosha historia nzima. Fidia hulipwa na mwenye wajibu wa kulipa, kwa sababu amesababisha madhara. Kifuta machozi hutolewa kwa kuhurumia, na anayekitoa hakiri deni. Mwaka 1995 Japani ilianzisha Mfuko wa Wanawake wa Asia. Kila aliyekubali alitengewa yen milioni 2, zilizochangwa na wananchi, pamoja na barua ya waziri mkuu. Manusura wengi wa Korea walizikataa, kwa hoja hiyohiyo: walitaka serikali ilipe kama mkosaji, si raia wachange kama wasamaria. Ukiandika "walikataa fidia", umewageuza kuwa watu wasioridhika na chochote. Andika "walikataa pesa za mchango, wakidai fidia ya serikali".

Jihadhari pia na yen bilioni 1 za makubaliano ya Japani na Korea Kusini ya 28 Desemba 2015. Zilitoka kwenye bajeti ya serikali, lakini Japani ilishikilia kuwa si fidia. Hapo sema "fedha zilizotolewa na serikali ya Japani". Neno fidia litumie bila wasiwasi kwa hukumu ya mahakama ya Seoul, Korea Kusini, ya 8 Januari 2021, iliyoamuru Japani imlipe kila mmoja wa wadai 12 won milioni 100. Japani haikuitambua hukumu hiyo, ikidai kinga ya dola, yaani kwamba nchi haishtakiwi katika mahakama za nchi nyingine. Kwa hiyo andika "waliamuliwa kulipwa fidia", si "walilipwa".

"Pole" nayo si radhi. Mtu hutoa pole hata kwa ajali asiyohusika nayo. Anayeomba radhi anakiri kosa kwanza. Kauli ya Yohei Kono, aliyekuwa katibu mkuu wa baraza la mawaziri la Japani, ya 4 Agosti 1993 ilikiri kuwa jeshi lilihusika na vituo, kisha ikaomba radhi. Kuitafsiri kama "Japani yasikitika" ni kuipunguza. Kinyume chake, kiongozi akisema tu kwamba anaumizwa na yaliyotokea, usimwombee wewe radhi ambayo hakuiomba.

Kuna mtego mmoja katika lugha ya sheria. Kanuni za Umoja wa Mataifa za 2005 kuhusu haki za walioathiriwa na ukiukaji mkubwa wa haki za binadamu zinataja aina tano za nafuu: kurejeshewa hali ya awali, fidia, huduma za kurejesha afya na maisha, hakikisho kwamba jambo halitarudiwa, na moja ambayo watafsiri huiita "kuridhishwa". Katika habari ya utumwa wa ngono neno hilo halivumiliki. Maudhui yake ni ukweli kutangazwa, radhi ya hadharani, kumbukumbu za waliofariki. Basi andika "kurudishiwa heshima".

Kwa wanawake wenyewe, "manusura" linafaa, umoja na wingi: manusura huyu, manusura hawa. "Mhanga" liache, kwa kuwa linabeba wazo la kujitoa au kutolewa sadaka. Na angalia wakati. Kim Hak-sun, aliyejitokeza hadharani tarehe 14 Agosti 1991, alifariki mwaka 1997. Usiandike "manusura Kim Hak-sun anadai"; andika "marehemu Kim Hak-sun, aliyenusurika na vituo vya jeshi la Japani, alidai".