Jibu: Mafunzo ya marafiki yanayoyeyuka kabla ya asubuhi

Salaam ndugu. Umesema mnakaa na marafiki, mnaongea mambo mazito, ila kesho yake huna la kufanyia kazi. Kwanza angalia maswali yako. Ukimuuliza rafiki "umefanikiwaje?" atakujibu kwa jumla: bidii, subira. Muulize kitu kidogo: "Jana ulipochoka, ulianza na nini?" Hapo utasikia kwamba aliacha simu chumba kingine, akasoma kurasa 2 tu. Hilo ndilo la kuchukua! Liandike usiku huohuo kwa maneno yake, sentensi 1, halafu lijaribu kwa siku 7. Usibebe mambo 5 kwa mkupuo mmoja, utayaangusha yote. Kisha mrudie umweleze limeendaje. Mara nyingi atakumbuka hatua aliyosahau kukutajia.