Mielini nayo ina vipokezi

Umeuliza kama mielini, utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za neva, ni kama ganda la waya tu, lisilosikia chochote. Wengi ndivyo tulivyofundishwa, lakini picha hiyo imepitwa na wakati. Mwaka 2005 na 2006 watafiti walionyesha kwamba oligodendrosaiti, seli zinazozungushia nyuzi za neva mielini ndani ya ubongo, zina vipokezi (protini zinazopokea ishara) vya glutameti, kemikali ambayo neva hutumia kupelekeana ujumbe, vya aina iitwayo NMDA, tena kwenye vijitawi vyake na kwenye mielini yenyewe.

Vinafanya nini? Hapa ndipo patamu. Uzi wa neva unapopitisha umeme hutoa glutameti. Kwa panya, utafiti wa 2016 ulionyesha kwamba vipokezi hivyo vikiipata, seli huongeza visafirishaji vya glukosi, GLUT1, kwenye utando wake. Glukosi huvunjwa kuwa lakteti, na lakteti hupewa uzi kama nishati. Yaani uzi wenye kazi nyingi huomba chakula na hupewa.

Ubaya huja damu ikikatika, kama kwenye kiharusi: glutameti hufurika, kalisi huingia kwenye mielini na kuiharibu. Ila hapo wanasayansi wanabishana. Mwaka huohuo wa 2016 kundi lingine lilisema sehemu kubwa ya kalisi hupitia milango ya TRPA1, inayofunguliwa na asidi, si NMDA. Kwa hiyo usikimbilie kusema "basi tuzibe NMDA"; dawa za kuziba NMDA zilishajaribiwa kwa wagonjwa wa kiharusi na hazikuwasaidia.