GNOME nzito kwenye bodi ya RISC-V: niliyoyaona mimi hapa Moshi

Mleta uzi anasema amepata bodi (kompyuta ndogo ya ubao mmoja) yenye prosesa ya aina ya RISC-V na RAM ya gigabaiti 8, akaweka Debian 13, mfumo wa Linux, na GNOME, yaani deskitopu yake ya madirisha. Inawaka vizuri, ila akivuta dirisha linamfuata kwa kujikokota. Anauliza: si Debian wametangaza kwamba riscv64 (jina lao la RISC-V ya biti 64) sasa ni rasmi? Shida iko wapi?

Mkuu, tangazo ni la kweli. Debian 13 ya Agosti 2025 ndiyo ya kwanza kuipokea riscv64 rasmi. Lakini urasmi huo maana yake ni kwamba pakeji (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) zinajengwa kwa ajili ya prosesa hiyo na marekebisho ya usalama yanakuja. Haina maana kwamba kuna mtu amekaa mbele ya bodi kama yako, akaifanyia kazi kwenye GNOME kutwa nzima. Mambo hayo mawili mimi nilikuwa nayachanganya, na yalinila miezi.

Kuweka Linux tulianza na shule moja ya sekondari kule Kibosho. Maabara ilikuwa inategemea sola, hivyo kompyuta za kawaida zisingewezekana. Tukachukua Raspberry Pi 4, ambayo chaja yake ni wati 15 tu. Deskitopu ilikwenda bila shida, nikajiaminisha kwamba Linux ikishawaka kwenye prosesa yoyote, mengine yote yanafuata. Kumbe Pi 4 ilibebwa na kitu ambacho sikukiona: grafiki yake ina draiva huria (programu ya kuiendesha), v3d, iliyomo ndani ya Mesa, mkusanyiko wa programu huria za grafiki, na inayotunzwa na watu wanaoitumia kila siku.

Kwako ndipo palipo na pengo. Bodi nyingi za RISC-V za bei ya chini zina GPU (chipu ya grafiki) ya kampuni ya Imagination. Draiva yake huria iliingia Mesa mwaka 2022 na bado inakua. Draiva isipokuwepo, Mesa huikabidhi prosesa kazi ya kuchora, kwa njia inayoitwa llvmpipe. Piga hesabu: skrini ya 1920 kwa 1080 ina nukta zaidi ya milioni 2. Kuichora upya mara 60 kwa sekunde ni nukta milioni 124, na prosesa hiyo hiyo inatakiwa pia ikufungulie kivinjari. GNOME haina njia ya kukwepa, kwa sababu kila dirisha linapitia OpenGL, njia ambayo programu huagizia grafiki. Isitoshe, sehemu kubwa ya GNOME Shell imeandikwa kwa JavaScript na inaendeshwa na injini ya Firefox, kwa hiyo injini hiyo nayo lazima iwe na afya kwenye prosesa yako.

Baadaye nililetewa iBook G4, yenye prosesa ya PowerPC ya biti 32. Debian 8 ya mwaka 2015 ndiyo ya mwisho kuitambua rasmi. Tangu hapo imebaki kwenye Debian Ports, inatunzwa na watu wa kujitolea. Nikaweka Xfce, deskitopu nyepesi, nikafungua picha ya Kibo niliyoipiga asubuhi kabla mawingu hayajashuka. Anga lilikuwa la rangi ya chungwa! Nilihangaika na skrini siku mbili nikidhani imekufa. Skrini ilikuwa nzima. PowerPC ile hupanga baiti kuanzia kubwa, tofauti na Intel na ARM tulizozizoea, na mahali fulani kwenye programu mtu alikuwa ameandika kana kwamba mpangilio ni mmoja duniani. Nyekundu na bluu zikabadilishana nafasi. Hitilafu ya namna hiyo haimzuii mjenzi wa pakeji hata kidogo. Inaonekana kwa macho ya mtu tu.

Ndiyo maana nina msimamo ambao najua baadhi yenu hamtaupenda: deskitopu isiyo na mtumiaji kwenye aina fulani ya prosesa iondolewe huko. Chukueni s390x, zile mashine kubwa za IBM. Hakuna anayekaa mbele yake na panya mkononi. Lakini pakeji ikishindwa kujengwa huko, wakati zamani ilikuwa inajengwa, inakwama isiingie testing (toleo la Debian linaloandaliwa) hata kwetu sisi wa amd64, yaani prosesa za kawaida za Intel na AMD. Nguvu ya kurekebisha mambo hayo ni bora iende kwa watu kama mleta uzi, wenye bodi mezani na hamu ya kuitumia.

Sasa fanya hivi. Sakinisha mesa-utils, kisha andika glxinfo -B. Ukiona llvmpipe kwenye mstari wa renderer, umeshapata jibu. Weka Xfce, uzime compositor (sehemu inayochanganya madirisha na vivuli vyake) kwenye Window Manager Tweaks, ushushe skrini hadi 1280 kwa 720. Hapo nukta zinapungua kwa zaidi ya nusu, na tofauti utaiona palepale. KDE, deskitopu nyingine kubwa, usikimbilie kwanza.

Halafu, tafadhali sana, ukikuta rangi mbaya, ikoni zilizopotea au dirisha jeusi, ripoti kwa Debian kwa amri ya reportbug. Andika jina la bodi, toleo la kerneli (kiini cha Linux) na ulichokuwa unafanya, uambatanishe picha ya skrini.

Bandika hapa matokeo ya glxinfo pamoja na uname -a. Leo jioni nitakuwa mtandaoni, tuyasome pamoja.